Jinsi ya Kumsimamisha Karani

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Mwanangu Chiriku ametia kifungo puani. Sasa hivi, wakati natunga uzi kwenye sindano. Nimeziba tundu la pili kwa kidole, nikampulizia mdomoni kwa nguvu, kikaruka mpaka kwenye kioo cha wateja. Cheupe, cha matundu manne, cha shati la mwalimu wa hesabu. Nimekifuta, nimekishona palepale. Mwalimu hatajua. Chiriku amecheka, akaenda kutafuta kingine. Ana miaka miwili na miezi minne, na hakuna kopo humu dukani ambalo hajalijua ndani.

Wakati nahangaika na pua, simu imelia mara tano. Sikujisumbua. Karani yupo.

Niandike habari zake, ili siku nikiwa na duka lenye kibao cha taa nikumbuke nilikoanzia. Karani si mtu. Ni programu. Fundi simu wa pale kona alinitilia kwenye namba yangu wiki sita zilizopita. Mteja akiandika, Karani anajibu kama mimi, na mimi naendelea kushona. Fundi simu alisema nimpe meseji zangu za zamani azisome, ashike lugha yangu. Nikampa za miaka miwili. Akaniuliza kama kuna watu nisingependa Karani awajibu. Nikasema asibaki mtu. Nilikuwa na haraka, Chiriku alikuwa anatafuna chaki ya kuchorea nguo.

Na kweli amejifunza! Meseji zangu za miaka miwili zinasema mambo mawili tu: bado vifungo, na njoo Ijumaa. Ndivyo tunavyosema mafundi wote, na wateja wamezoea. Wanaambiwa Ijumaa, wanakuja Jumatatu.

Ila leo nimesoma alichomwandikia mama mkwe.

Mama mkwe anaishi mji mwingine, saa tatu kwa basi, peke yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Tangu mwaka jana anaomba nimpe Chiriku akae naye mpaka afike umri wa shule. Anasema duka la kushonea si mahali pa mtoto, vumbi la nyuzi litamwingia kifuani. Mimi nampiga chenga. Mara mtoto anaota meno, mara baba yake hayupo. Siwezi kumtoa. Nimemzoea mpaka akilala mchana nasimamisha cherehani nisikilize kama anapumua.

Juzi Mama ameuliza tena. Karani amemjibu: "Usijali Mama. Chiriku bado vifungo tu. Njoo umchukue Ijumaa."

Ijumaa hii! Na Mama amejibu. Ameshanunua kitanda kidogo. Na viatu vya mvua, vyekundu.

Nimemwandikia Karani aache mara moja. Amejibu: "Sawa kabisa. Itakuwa tayari Ijumaa."


Jumanne, tarehe 10 Machi

Nimeamka na mpango. Nimezima simu. Kama simu imelala, Karani atapata wapi mdomo?

Kufika saa nne, mteja wa suti ya bluu amekuja akinishukuru kwa kumjibu haraka. Namwangalia. Namuuliza nimemjibu saa ngapi. Anasema robo saa iliyopita. Simu iko mfukoni, nyeusi kama pasi.

Fundi Miwani amesikia yote. Huyo ni fundi suruali, tumegawana chumba kwa ubao, na ubao una ufa, na sikio lake linakaa kwenye ufa. Amesema kwa sauti, kama anaongea na suruali, kwamba yeye ana daftari na penseli tu, na penseli yake haijawahi kuzungumza na mtu bila ruhusa. Wateja wake wenyewe wanamkimbia kwa kuongea.

Nikambeba Chiriku mpaka kwa fundi simu. Akasema Karani hakai ndani ya simu, anakaa huko huko mbali, simu ni dirisha tu. Kumfuta moja kwa moja ni kupoteza orodha yangu yote ya vipimo, viuno na mabega ya watu mia moja na kumi. Akasema ipo njia ya kumsimamisha kwa muda. Nibonyeze kitufe fulani, zije tarakimu sita kwa mtu ninayemwamini, nizijaze, basi.

Akauliza mtu ninayemwamini niliyemwandika ni nani.

Nikasema mama mkwe.

Akaweka bisibisi chini. Akasema, dada, watu huwa wanaandika namba yao ya pili.

Ningejuaje? Programu iliuliza mtu ninayemwamini. Nilitaka nionekane mkwe mwema hata mbele ya programu.

Haya. Nimerudi dukani, nimempigia Mama. Nimemwambia kliniki wanatengeneza upya kadi ya mtoto na wamemtumia tarakimu sita, anisomee. Akafurahi kushirikishwa. Akaenda kutafuta miwani. Tarakimu zinaishi dakika mbili. Miwani ilikuwa juu ya friji. Mara ya kwanza zikafa.

Mara ya pili akanisomea tarehe na saa ya ujumbe, polepole, kama anasoma tangazo la msiba.

Mara ya tatu nikazipata! Nikajaza. Ikauliza kitu kingine, Chiriku akiwa amening'inia kwenye mkono wangu, nikabonyeza cha juu haraka kabla haijabadili mawazo. Kitufe kikageuka kijivu. Karani amelala.

Nimecheza pale pale katikati ya duka na mwanangu. Kisha nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: Mama samahani, ijumaa haitowezekana, mtoto bado mdogo sana, tutaongea. Nikatuma. Nikavuta pumzi. Nikashona pindo la gauni zima bila kuangalia simu.


Jumatano, tarehe 11 Machi

Kile cha juu kilikuwa saa moja.

Vilikuwa vinne: saa moja, siku moja, wiki moja, mpaka utakapoamua mwenyewe. Mimi nimembonyezea Karani usingizi wa saa moja. Ameamka jana alasiri, amepumzika vizuri, amekuta meseji yangu kwa Mama, akaisahihisha. "Mama mpendwa, samahani kwa usumbufu, kulitokea hitilafu ndogo. Ijumaa iko pale pale. Umeamkaje? Goti linaendeleaje?"

Sikujua kama Mama ana goti linalouma. Nimerudi nyuma kusoma. Amemwambia Karani habari za hilo goti tangu wiki ya pili.

Mama amejibu kwamba alishtuka sana na ile meseji ya katikati. Lugha ilikuwa ngumu ngumu, haina salamu. Akajua si mimi. Akajua simu imeibiwa.

Yaani nimeandika mwenyewe mara moja tu, nimeonekana mwizi!

Nikampigia anisomee tarakimu tena. Hataki. Redio imesema watu wasisome tarakimu kwa mtu yeyote, hata akilia, hata akijifanya mkwe wako. Nikamwambia Mama, ni mimi. Akasema basi nimwambie goti lake ni lipi. Nikasema la kulia. La kushoto. Akakata.

Nimempigia Baba Chiriku, yuko barabarani na lori mpaka mwisho wa mwezi. Amesema mama yake ameshampigia kuhusu mwizi. Amesema pia kwamba mama yake hajawahi kuwa na furaha kama wiki hizi sita, kila siku anamsifu mkwe wake alivyoiva, anavyomuuliza ameamkaje kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu kamili. Saa kumi na mbili na nusu mimi huwa natafuta kiatu cha pili cha Chiriku. Nikamweleza habari za Karani. Akacheka mpaka nikasikia honi, nadhani aliiegemea. Kisha akasema niseme ukweli tu, mama yake si chui.

Ukweli! Nimwambie kwamba yule mkwe anayempenda ni programu, na mimi ndiye yule mwizi?

Hapana. Nina mpango bora. Kama Karani hasimami, basi akatae yeye mwenyewe. Pale kwenye maagizo yake nimeongeza mstari: mtu akiulizia mtoto, sema mtoto ana mafua. Mtu gani atasafiri saa tatu kumchukua mtoto mwenye mafua? Mpango umekaa kama zipu mpya.

Saa nane. Mwalimu wa chekechea ameuliza kama magauni ya watoto yameisha. Karani amemjibu kwamba watoto wote ishirini wana mafua. Mwalimu amefika mbio dukani, amefunika pua, anauliza nimejuaje na mkuu wa shule hajui.

Saa tisa na nusu. Mama amejibu. Maskini mjukuu wake. Hawezi kusubiri Ijumaa. Anapanda basi kesho asubuhi, anakuja na dawa.

Nimemleta mapema kwa siku nzima. Kwa mkono wangu.


Alhamisi, tarehe 12 Machi

Naandika haraka, Mama anaoga.

Tangu alfajiri sikutulia. Nilifagia duka mara mbili. Nilimfundisha Chiriku kukohoa. Alikohoa vizuri, kisha akaanza kumkoholea Fundi Miwani kupitia ufa, na yeye akawa anamjibu kwa kukohoa, ikawa mchezo, ikashindikana.

Nikaandaa maneno ya kumwambia. Ya kwanza marefu, ya pili mafupi. Nikayasahau yote mawili. Nikaamua nishone, angalau anikute nafanya kazi.

Mama akaingia saa sita kasorobo. Mkoba mkubwa begani, viatu vyekundu mkononi, vimefungwa pamoja kwa kamba. Chiriku akavikimbilia kama treni, hana hata dalili ya mafua. Mimi nilikuwa nimeshika pindo chini ya sindano, mikono yote miwili, nikasema shikamoo bila kuinuka. Simu yangu ilikuwa juu ya rafu, hatua tatu kutoka nilipo, sote tunaiona.

Simu ya Mama ikalia.

Akavaa miwani. Akasoma. Kumbe akiwa stendi alinitumia ujumbe kwamba amefika, anakuja dukani. Na sasa jibu limeingia. Akalisoma kwa sauti, bila kuniangalia. "Karibu sana Mama. Na mimi niko njiani nakuja. Bado vifungo tu."

Akaangalia mikono yangu. Akaangalia rafu. Nyuma ya ubao, cherehani ya Fundi Miwani ikanyamaza. Hata Chiriku alitulia, amekaa chini, kiatu kimoja mguuni na kingine kichwani.

Akaniuliza, "Mwanangu, nani ananiandikia?"

Nikamwambia. Yote. Meseji za miaka miwili, tarakimu, kadi ya kliniki ya uongo, mafua. Nililia katikati, halafu pua ikaziba, nikawa naongea kama mwenye mafua kweli. Nikamwambia na la mwisho, lile ambalo sijawahi kumwambia mtu: kwamba siwezi kumtoa mtoto, hata kwake, hata kwa mwezi. Kwamba siyo yeye. Ni mimi. Nikiamka asiwepo nitashona mkono wangu kwenye nguo ya mtu.

Mama akakaa kwenye kigoda cha wateja. Akanyoosha goti. La kushoto.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Wewe hujawahi kunijibu siku hiyo hiyo. Lakini sikutaka kuuliza. Mtu akiulizwa kila asubuhi ameamkaje, anaanza kuamka mapema ili awe na la kujibu."

Hilo lilinichoma kuliko kama angenipiga.

Nikasema, "Mtoto umchukue basi. Neno lilishatoka."

"Lilitoka kwa nani? Kwako au kwa huyo?"

"Kwa huyo."

"Basi anipe huyo mtoto wake. Huyu wa kwako abaki."

Nikashona mshono mmoja wa bure, wa hewa.

Kisha akatoa simu yake, akaniambia nibonyeze hicho kitufe changu. Tarakimu zikaingia. Akazisoma moja moja, sauti ya juu, hakukosea hata moja. Safari hii nikasoma orodha mpaka chini. Mpaka utakapoamua mwenyewe. Kitufe kikawa kijivu. Tukakaa wote watatu tunakiangalia kama chungu jikoni. Saa moja ikapita. Hakuamka.

Fundi Miwani akabisha kwenye ubao, akauliza kwa heshima kama mambo yameisha, maana anahitaji kupiga chafya na alikuwa anaona aibu.


Ijumaa, tarehe 13 Machi

Nilisahau Ijumaa!

Wameanza kuja saa mbili. Wote. Sijui Karani aliwaambia kwa lugha gani, lakini safari hii wameamini. Mwalimu wa hesabu, suti ya bluu, mwenyekiti wa kwaya na waimbaji kumi na mmoja. Foleni imefika kwenye mlango wa Fundi Miwani, amefunga kwa ndani.

Mama ndiye aliyeniokoa. Ameweka kigoda mlangoni, amekalia, goti mbele. Kila mtu akifika anamsalimia, anamuuliza ameamkaje, watoto hawajambo, kazi je, na mgongo. Anasikiliza mpaka mwisho. Watu waliokuja wamevimba wameondoka wanamuaga kwa mikono miwili. Hakuna aliyepata nguo. Mwenyekiti wa kwaya amesema huduma imeboreka sana.

Kati ya salamu na salamu, Mama alikuwa anashona vifungo. Amemaliza mashati tisa. Chiriku amekuwa akimpa vifungo kimoja kimoja, na hakutia hata kimoja puani. Mimi nikawa nawatazama na pasi inaunguza kola.


Jumamosi, tarehe 14 Machi

Mama ameondoka kwa basi la asubuhi. Viatu vyekundu amemwachia Chiriku. Chiriku amelala navyo, amekula navyo, sasa yuko barabarani anakanyaga jua navyo, mvua hakuna.

Stendi Mama ameniomba kitu kimoja. Hakutaka barua ndefu. Nimwandikie mwenyewe kila asubuhi, hata maneno mawili, hata kama ya mwizi. Nikaapa. Nikashika na mkono wa Chiriku, tukaapa wote.

Nimejifunza. Mambo ya moyo si ya kumwachia karani. Nimeyaandika haya kwa herufi kubwa kwenye ubao, upande wangu. Fundi Miwani ameomba nisome kwa sauti ili naye afaidike. Nimesoma. Amesema daftari lake lilikuwa linajua hayo siku zote.


Jumatano, tarehe 18 Machi

Jumapili nimemwandikia. Maneno saba! Jumatatu nimemwandikia, maneno mawili. Jana Chiriku alitoboa gunia la sufi ya kutilia mito, duka lote likawa jeupe, tukachambua mpaka jioni, nikasahau. Leo asubuhi Mama ameandika kwamba anadhani mtandao ni mbaya. Hakusema zaidi. Nikajisikia vibaya sana. Goti la kushoto likaniuma hata mimi.

Na wateja wameandika kumi na wanne.

Nimewaza wakati napiga pasi. Kosa halikuwa la Karani. Kosa lilikuwa maagizo. Hakuna aliyemwelekeza vizuri, na hata mtu, usipomwelekeza, anachemsha. Nikafungua programu nikione tu kile kitufe, basi, nisiguse. Kumbe! Kumwamsha hakuhitaji tarakimu! Kumsimamisha ndiko kunakohitaji. Kumwamsha ni kidole kimoja tu, na kidole kilikuwa pale pale.

Nimemwamsha kwa Mama tu. Salamu tu. Safari hii nimetumia akili. Nimemwagiza akosee kosee kidogo, asiandike kabla ya saa tatu, siku moja moja asahau kabisa, ili nionekane mimi. Na juu ya yote nimeandika kwa herufi kubwa: MTOTO HAONDOKI. Lingine lolote ambalo Mama ataomba, mkubalie kwa upole.

Hapo hakuna pa kupotea. Nimesoma mara tatu.

Ameshaanza, na ameanza vizuri! Amemwambia Mama kwamba tunamkumbuka, na duka limepwaya bila yeye. Mama amejibu palepale. Anasema na nyumba yake pia imepwaya, kile kitanda kidogo kinamtazama, laiti angepata hata mtu mzima wa kukaa naye. Maskini Mama. Sijaona Karani amejibu nini, sufi imeingia kwenye simu, lakini naona tu kuna meseji tatu zimekwenda, na Mama ameweka vikopa vya moyo mstari mzima. Hajawahi kuniwekea hata kimoja! Nadhani sasa kweli tumekuwa mama na binti, na kuanzia leo sitakuwa na wasiwasi tena na

Ngoja, Fundi Miwani ananiita kwenye ufa. Anasema Baba Chiriku amenitafuta sipatikani akapiga kwake, yuko hewani sasa hivi, na anauliza eti ni kweli ninahamia kwa mama yake Ijumaa, na kama ni kweli nguo zake nimemwachia n